Kutunza Nakala Rudufu za Kompyuta ya Nyumbani kwa Diski ya Nje: Mwongozo kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Diski ya nje, ambayo madukani huitwa zaidi eksteno, hununuliwa mara nyingi kwa sababu moja tu: kompyuta imejaa. Picha za harusi, video za kwaya na nyaraka za miaka iliyopita huhamishiwa huko, kisha hufutwa kwenye kompyuta ili kupata nafasi, na mwenye nyumba hubaki na imani kwamba vitu vyake viko salama kwa kuwa vimo ndani ya diski iliyofungiwa kabatini. Ukweli ni kwamba vitu hivyo bado viko sehemu moja tu kama awali, tena sehemu ambayo ni rahisi zaidi kuanguka, kuibwa au kumwagikiwa na chai. Nakala rudufu ni nakala ya kitu ambacho bado kipo mahali pengine. Picha iliyobaki kwenye diski ya nje peke yake haina nakala rudufu yoyote, hata kama diski yenyewe ni mpya na ya bei kubwa.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kutumia diski hizo kwa kazi hiyo, kwa kuzingatia mazingira ya Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo jirani, ambako umeme hukatika, radi hupiga kwa miezi kadhaa ya masika, asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali, na kupandisha mamia ya gigabaiti mtandaoni kwa vifurushi vya simu ni gharama ambayo familia nyingi haziwezi kuimudu. Hifadhi ya mtandaoni ina nafasi yake kwa nyaraka chache muhimu, lakini akaunti ya bure ya Google hutoa GB 15 tu kwa barua pepe, picha na nyaraka kwa pamoja, kiasi ambacho video za sherehe moja zinaweza kukimaliza.

Diski ya kununua

Sokoni kuna aina mbili. Ya kwanza ni diski yenye visahani vinavyozunguka, ambavyo katika diski nyingi ndogo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, huku vichwa vya kusomea vikielea juu yake kwa umbali wa nanomita chache. Ya pili ni SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani yake, huhimili mtikisiko vizuri zaidi na hufanya kazi kwa kasi kubwa, lakini bei yake kwa kila gigabaiti ni kubwa. Kwa maoni yangu, kwa nakala rudufu za nyumbani, diski ndogo ya visahani ya inchi 2.5 inatosha kabisa, na fedha inayookolewa kwa kutonunua SSD ni afadhali itumike kununua diski ya pili, kwa sababu ambazo zitaelezwa huko mbele. SSD inamfaa zaidi mtu anayesafiri na diski yake kila wiki. Ifahamike pia kwamba SSD hutunza taarifa kwa chaji ya umeme iliyonaswa ndani yake, na chaji hiyo huvuja polepole inapokaa bila kuunganishwa. Kwa hiyo si kifaa cha kufungiwa sandukuni kwa miaka mingi bila kuguswa.

Zipo pia diski kubwa za inchi 3.5 ambazo huhitaji adapta yake ya umeme wa ukutani. Katika mji ambao umeme unaweza kukatika katikati ya kazi, diski hizo ni usumbufu usio wa lazima, kwani umeme ukikatika diski huzimika hata kama kompyuta mpakato inaendelea kwa betri. Diski ndogo hupata umeme wake kupitia kebo ile ile ya USB, na hivyo betri ya kompyuta mpakato huilinda pamoja na kompyuta yenyewe.

Kuhusu ukubwa, pima kwanza kiasi cha vitu ulivyo navyo, kisha nunua diski yenye nafasi mara mbili ya hapo, ili matoleo ya zamani ya mafaili yapate pa kukaa. Mwenye GB 400 za picha na nyaraka atatosheka na diski ya TB 1 kwa muda mrefu. Usishtuke diski ya TB 1 ikionyesha GB 931 ndani ya Windows, kwa kuwa mtengenezaji huhesabu terabaiti moja kuwa baiti trilioni 1, ilhali Windows huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,073,741,824, hakuna aliyekuibia.

Kasi nayo ina maana, hasa kwa nakala ya kwanza. Tundu la USB 2.0 hupitisha kwa kweli megabaiti 30 hadi 40 hivi kwa sekunde, na kwa kasi hiyo GB 200 huchukua saa moja na nusu hivi. Tundu la USB 3.0, ambalo katika kompyuta nyingi lina rangi ya bluu ndani, huiruhusu diski ya visahani kufikia megabaiti 100 au zaidi kwa sekunde, na kazi hiyo hiyo huweza kwisha kwa muda wa dakika 35 hivi. Mafaili madogo madogo kwa maelfu hupunguza kasi katika hali zote mbili, kwa hiyo makadirio yanayoonekana kwenye kioo yasichukuliwe kama ahadi.

Kuijaribu kabla ya kuiamini

Kuna bidhaa bandia ambazo mnunuzi wa Mwanjelwa, wa Kariakoo au wa mtandaoni anaweza kukutana nazo kwa usawa: kifaa chepesi kama kiberiti, kilichoandikwa TB 16, kwa bei ya fleshi. Ndani yake huwa kuna kumbukumbu ndogo pamoja na programu iliyochezewa ili kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa. Hatari yake ni kwamba hukubali mafaili bila kulalamika. Nafasi ya kweli inapokwisha, huandika juu ya yaliyotangulia au huyatupa yanayoingia, huku majina ya mafaili yakiendelea kuonekana kama kawaida. Mwenye nacho hugundua siku anayojaribu kufungua picha, ambayo kwa kawaida ndiyo siku aliyopoteza kompyuta.

Kinga ni kuijaribu diski mpya ikiwa bado tupu. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo hujaza diski yote kwa data za majaribio kisha huzisoma tena na kulinganisha; kwenye Linux na Mac kuna F3 inayofanya kazi ya namna hiyo hiyo. Kwa diski ya TB 1 kupitia USB 3.0 jaribio hili linaweza kuchukua saa sita hadi nane, kwa hiyo haliwezi kufanyika mbele ya kaunta. Kubaliana na muuzaji mapema kwamba utairudisha ikishindwa, chukua risiti, na uliache jaribio liendelee usiku wakati ambao umeme haujaanza kusumbua. Jaribio hili lina faida ya pili: diski yenye hitilafu ya kiwandani mara nyingi huonyesha udhaifu wake katika saa hizo za mwanzo, wakati bado haijabeba kitu chochote cha thamani.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza ni kuifomati inavyostahili, yaani kuipa mpangilio ambao kompyuta itautumia kuweka mafaili ndani yake. Kwa kompyuta ya Windows peke yake, chagua NTFS. Kwa familia yenye Windows na Mac kwa pamoja, exFAT husomeka na kuandikika pande zote mbili, ingawa haihimili vizuri kuchomolewa ghafla au kukatikiwa umeme. FAT32 iepukwe, maana haikubali faili moja lenye ukubwa wa GB 4 au zaidi, na video moja ndefu ya ibada au ya send-off hufika hapo bila shida. Kumbuka kwamba kufomati hufuta kila kilichomo.

Vitu vya kunakili

Programu zinaweza kusakinishwa upya, na filamu zilizopakuliwa zinaweza kupatikana tena. Kinachostahili nafasi ya kwanza ni kile ambacho hakipo popote duniani isipokuwa ndani ya kompyuta hiyo: picha za familia, rekodi za wazee, tasnifu ya mwanafunzi wa MUST au Mkwawa, hesabu za VICOBA, daftari la mauzo ya parachichi au mbao, picha za vyeti na za barua za mauziano ya shamba, na masomo ambayo mwalimu ameyaandaa kwa miaka. Anayefanya biashara nyumbani akumbuke kwamba programu nyingi za uhasibu hutunza mafaili yake katika folda ambayo haionekani miongoni mwa nyaraka za kawaida. Ni vyema kutumia kitufe cha kutunza nakala kilichomo ndani ya programu yenyewe na kuliweka faili linalotokana nacho ndani ya folda ya nyaraka, ili linakiliwe pamoja na mengine.

Simu husahaulika zaidi. Picha nyingi za familia siku hizi hazijawahi kuigusa kompyuta, na kwa sababu hiyo mpango wa nakala rudufu unaoanzia kwenye kompyuta huziacha zote nje. Angalau mara moja kwa mwezi, unganisha simu kwa kebo, kisha nakili folda ya DCIM, ambamo kamera ya simu huweka picha zake, na ile ya picha za WhatsApp kuzipeleka kwenye folda ya picha ya kompyuta. Kutoka hapo zitafuata njia moja na mafaili mengine.

Kupanga kazi ifanyike yenyewe

Kunakili kwa mkono, kwa kuburuta folda kutoka dirisha moja hadi jingine, ni bora kuliko kutofanya kitu, lakini kuna kasoro mbili. Mtu huchoka, na akichoka huruka wiki. Tena, faili lililoharibika leo hunakiliwa juu ya lile zima la wiki iliyopita, na nakala zote mbili zinakuwa mbovu. Kwa hiyo ni afadhali kutumia programu inayotunza matoleo ya zamani.

Kwenye Windows 10 na 11 programu hiyo imo tayari na inaitwa File History. Unganisha diski, fungua Control Panel, ingia kwenye System and Security, kisha File History, na ubonyeze Turn on. Kwa kawaida hunakili kila baada ya saa moja yale mafaili yaliyobadilika tu, na hutunza matoleo yake yote. Kwenye mipangilio ya ndani unaweza kuamua matoleo ya zamani yafutwe nafasi inapohitajika, uamuzi ambao ninauunga mkono kwa diski zisizo kubwa. Diski isipokuwepo, huyaweka mabadiliko kwa muda ndani ya kompyuta yenyewe na kuyahamisha diski inapounganishwa tena, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiacha diski ikining'inia kwenye kompyuta siku nzima.

Mtego wake mkubwa ni kwamba hunakili folda maalumu tu, yaani Desktop, Documents, Pictures, Music, Videos na chache nyingine. Mtu aliyezoea kuweka kazi zake kwenye diski D, au kwenye folda aliyoitengeneza mwenyewe moja kwa moja ndani ya C, atakuta siku ya shida kwamba kazi hizo hazikunakiliwa hata mara moja. Ama zihamishie ndani ya Documents, ama ziongeze kwenye maktaba za Windows (Libraries) ili File History izione. Baada ya nakala ya kwanza, fungua diski ya nje, ingia kwenye folda ya FileHistory, na uhakikishe kwa macho yako kwamba kila ulichokitarajia kimo.

Anayependa kujua hasa kinachotokea anaweza kutumia Robocopy, amri iliyomo ndani ya Windows tangu Vista. Ikiwa diski ya nje imepewa herufi E na jina la mtumiaji ni Asha, amri ifuatayo, ikiandikwa kwenye Command Prompt, itanakili nyaraka zote pamoja na folda zilizomo ndani yake:

robocopy "C:\Users\Asha\Documents" "E:\Nakala\Documents" /E /R:2 /W:5

Sehemu ya /R:2 inaiambia ijaribu tena mara mbili inapokutana na faili gumu, na /W:5 inaiambia isubiri sekunde 5 kati ya majaribio. Bila maelekezo hayo, Robocopy hujaribu mara milioni 1, na inaweza kukwama kwenye faili moja hadi mvua ya mwaka ujao. Utakutana na watu wanaopendekeza /MIR badala ya /E. Uwe mwangalifu nayo: hufanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, maana yake kilichofutwa kwa bahati mbaya kwenye kompyuta hufutwa pia kwenye nakala, na aliyekosea kupanga njia hizo mbili anaweza kuifuta diski yake yote kwa amri moja.

Wenye Mac wana Time Machine, iliyoanza mwaka 2007, ambayo hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi iliyotangulia hadi diski ijae, ndipo hufuta za zamani zaidi. Watumiaji wa Ubuntu wana Déjà Dup. Zote mbili hupangwa kwa dakika chache na hazihitaji maelezo marefu.

Mara ngapi? Kipimo changu ni swali moja: uko tayari kuandika upya kazi ya siku ngapi? Mwanafunzi anayemalizia tasnifu huenda asikubali kupoteza hata siku moja, wakati familia inayotunza picha inaweza kuridhika na mara moja kwa wiki. Ni rahisi zaidi kukumbuka ikiwa kazi hiyo itafungamanishwa na siku ambayo tayari ina ratiba yake, kama vile Jumamosi jioni au Jumapili baada ya kutoka kanisani.

Kazi ikiisha, tumia alama ya kuondoa kifaa kwa usalama iliyo pembeni mwa saa ya kompyuta, usubiri taa ya diski itulie, ndipo uchomoe. Kisha diski irudi kabatini. Msisitizo huu wa kuichomoa una sababu ambayo wengi hawaifikirii: virusi vya utekaji, vile vinavyofunga mafaili na kudai malipo kama WannaCry ilivyofanya katika nchi nyingi mwezi Mei 2017, hufunga kila diski inayoweza kuandikika iliyounganishwa wakati huo. Diski iliyo kabatini haifikiki.

Umeme, baridi na barabara

Umeme ukikatika wakati diski inaandika, faili lililokuwa njiani huharibika, na wakati mwingine orodha nzima ya mafaili huvurugika. Mwenye kompyuta ya mezani anahitaji UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri ya akiba, itakayompa dakika chache za kumaliza na kuzima. Mwenye kompyuta mpakato ahakikishe betri ina chaji ya kutosha kabla ya kuanza nakala ndefu. Ikitokea umeme umekatika katikati, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi na uandike chkdsk E: /f, ambapo E ni herufi ya diski ya nje, ili Windows irekebishe makosa ya mpangilio kabla hujaendelea.

Radi ni jambo jingine kabisa. Kuanzia Novemba hadi Aprili, na kwa Tukuyu na Rungwe hata zaidi ya hapo, ngurumo za mchana ni za kawaida, na mshtuko wa umeme unaoingia kupitia nyaya za ukutani unaweza kuiunguza kompyuta pamoja na kila kilichounganishwa nayo. Stabilaiza na soketi zenye kinga husaidia dhidi ya kupanda na kushuka kwa umeme wa kawaida, lakini kwa radi iliyopiga karibu kinga ya kutegemewa ni kuchomoa plagi. Usianze nakala itakayochukua saa tatu katika mchana ambao wingu limeshajikusanya juu ya Mlima Loleza.

Wapo wanaouliza kama mwinuko unaathiri diski. Swali ni la msingi, kwa sababu vichwa vya kusomea huelea juu ya mto wa hewa, na hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda. Hata hivyo diski nyingi za kawaida huruhusiwa kufanya kazi hadi mita 3,000 hivi, ilhali Jiji la Mbeya liko karibu na mita 1,700 na uwanda wa Kitulo karibu na mita 2,600, kwa hiyo wakazi wa huku hawana la kuogopa. Baridi ndiyo ya kuangalia. Diski iliyosafirishwa alfajiri kutoka Makete ikaingizwa ghafla kwenye chumba chenye joto la jiko na mvuke wa chakula hutokwa na umande, nje na wakati mwingine ndani. Iache ndani ya mfuko wake, uliofungwa vizuri, kwa muda wa saa moja au mbili hadi ifikie joto la chumba, ndipo uiunganishe. Diski nyingi za nje hutakiwa kufanya kazi kati ya nyuzi 5 na 35 za selisiasi, kiwango ambacho chumba cha Njombe kisicho na moto kinaweza kushuka chini yake usiku wa Julai.

Kwa unyevu wa Rungwe na Kyela, tumia chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kwa vumbi la kiangazi la Usangu, chombo hicho hicho kinatosha.

Safarini, diski ya visahani isitumike ndani ya basi linalotembea. Visahani vikiwa vimesimama huhimili mtikisiko mkubwa kuliko vikiwa vinazunguka. Ikiwa imezimwa, ifunge kwa nguo na ukae nayo kwenye mkoba wako badala ya kuiacha kwenye buti la basi chini ya magunia ya viazi, maana kwa kona za Kitonga hujui kitakachoangukia nini.

Diski ya pili, mbali na nyumbani

Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, ndiye aliyeieneza kanuni inayojulikana kama 3-2-1: nakala 3, katika aina 2 za vyombo vya kutunzia, na 1 kati yake ikae mahali pengine. Kwa familia ya kawaida, tafsiri yake ya vitendo ni kompyuta yenyewe, diski ya nje ya nyumbani, na diski ya nje ya pili iliyo kwenye nyumba nyingine. Kama aina mbili za vyombo hazipatikani, nisingesumbuka sana. Sehemu ya mwisho ndiyo isiyopaswa kuachwa. Moto haubagui kompyuta na diski iliyo kwenye droo ya meza ile ile, na wakazi wa Mbeya walioshuhudia soko la Mwanjelwa likiteketea mwaka 2006 hawahitaji kuelezwa namna daftari, bidhaa na fedha zinavyoweza kwenda kwa usiku mmoja. Mwizi naye akiingia hubeba kompyuta na kila kilicho karibu nayo. Mkulima mwenye busara hagawi mbegu zake katika vihenge viwili vilivyo chini ya paa moja.

Diski ya pili inaweza kukaa kwa dada aliye Mafinga, kwa wazazi Tukuyu, au kwenye droo yenye kufuli ofisini. Andika A kwenye moja na B kwenye nyingine kwa kalamu isiyofutika. A ikiwa nyumbani inapokea nakala za kila wiki, B iko ugenini. Safari ya Pasaka, ya Krismasi au ya msiba ikitokea, zinabadilishana. Kwa mpangilio huu nakala ya mbali inaweza kuwa nyuma kwa miezi miwili au mitatu, nayo ni hasara inayovumilika ukilinganisha na kupoteza vyote. Nyaraka chache za kipindi hicho zinaweza kuwekwa mtandaoni ili kuziba pengo, na hapo ndipo zile GB 15 za bure zinapofaa.

Diski inayotoka nje ya nyumba ifungwe kwa nenosiri. Windows za toleo la Pro zina BitLocker. Za Home haziwezi kuifunga diski ya nje kwa BitLocker ingawa zinaweza kuifungua iliyokwisha kufungwa, na wenye toleo hilo wanaweza kutumia VeraCrypt, ambayo ni ya bure. Jambo hili ni la lazima zaidi kwa mtu anayetunza taarifa za wateja, wanafunzi au wanachama wa kikundi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamwajibisha anayezikusanya. Ufunguo wa dharura (recovery key) ambao BitLocker hutoa, au nenosiri la VeraCrypt, uandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na vyeti vya familia, na kamwe usiwekwe ndani ya diski yenyewe. Nenosiri likipotea pamoja na ufunguo huo, hakuna fundi atakayeifungua, iwe Mbeya au Dar es Salaam.

Kurejesha kwa majaribio

Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni dhana. Kila baada ya miezi mitatu, chukua diski hiyo, iunganishe kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na ufungue mafaili machache kutoka folda tofauti: picha ya zamani, picha ya juzi, jedwali la hesabu, video moja hadi mwisho wake. Kompyuta nyingine inapendekezwa kwa sababu siku ya kuhitaji nakala ndiyo siku ambayo yako haipo. Jaribu pia kurejesha faili moja kupitia File History yenyewe, kwa kubonyeza Restore personal files, kurudi nyuma kwa mishale hadi tarehe unayoitaka, na kulirudisha faili hilo kwenye folda tofauti ili lisiandikwe juu ya lile lililopo. Wafundishe watu wengine wawili wa nyumbani hatua hizi, maana si lazima uwe wewe utakayekuwepo.

Diski inapochoka

Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Mstari wa Reallocated Sectors Count na ule wa Current Pending Sector Count ndiyo ya kutazamwa kwanza: thamani ghafi ikianza kupanda kutoka sifuri na kuendelea kupanda kila unapokagua, nunua diski nyingine bila kusubiri. Dalili nyingine hazihitaji programu: mlio wa kugonga unaojirudia, diski kupotea na kurudi, au folda kuchukua dakika nzima kufunguka. Kabla ya kuihukumu, badilisha kebo na tundu la USB, kwa kuwa kebo mbovu huleta dalili za namna hiyo hiyo. Ikiwa bado inasumbua na ndiyo nakala pekee iliyobaki, usiendeshe chkdsk juu yake. Nakili kwanza kilicho cha thamani zaidi, kisha kinachofuata, hadi itakapokataa. Usiifungue, maana vumbi moja linatosha kukwaruza kisahani, na ushauri wa kuiweka kwenye friji uachwe kwa wanaoutoa. Hata isiyoonyesha dalili, baada ya miaka mitano hivi ni vizuri iondolewe kwenye kazi hii na kupewa kazi nyepesi, kama vile kubebea filamu.

Kama utaiuza au kumpa mtu, kumbuka kwamba kufuta mafaili au kufomati kwa haraka huacha karibu kila kitu kikiwa bado kinaweza kurejeshwa. Kwa diski ya visahani, ondoa alama ya Quick Format unapofomati kwenye Windows, nayo itaandika sifuri juu ya diski nzima, kazi itakayochukua saa kadhaa. Ile iliyokufa kabisa, ambayo haiwezi tena kufutwa kwa njia hiyo, itobolewe kwa drili kupita kwenye visahani kabla ya kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu.